Tango Lililokunywa Siki

Mpwa wangu ana miaka tisa na maswali tisini. Juzi alikuja barazani kwangu, hapa Misisi, mashariki ya Kongo, ameshika simu ya mama yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai.

"Mjomba, angalia. Mama mdogo ametuma picha. Huu ni mkate, hii ni nyama. Na hizi sarafu za kijani ni nini?"

Nikavaa miwani. Kweli, sarafu zilikuwepo. Nyembamba, zimejikunja pembeni, rangi yake kama sombe iliyokaa sana motoni. Zilikuwa juu ya nyama na chini ya mkate, zimetulia kama abiria waliowahi nafasi nzuri kwenye lori.

"Hilo ni tango," nikamwambia.

"Konkombre?"

"Konkombre. Shuleni anaitwa konkombre, sokoni anaitwa tango. Ni mtu mmoja mwenye majina mawili."

"Lakini mama mdogo anasema ni tamu na tena ni chachu! Tango la Misisi si tamu, wala si chachu. Tango la Misisi ni maji tu."

Umeona? Mtoto wa miaka tisa amefika katikati ya jambo bila kusukumwa na mtu. Nikampa kigoda. Kwangu mtoto anayeuliza hupewa kiti, na mtu mzima asiyeuliza husimama. Nawe unayesoma, vuta chako, ukae.

Mama mdogo wake ni dada yangu wa mwisho. Wakati wa vita vya mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika akiwa msichana, kama walivyovuka watu wengi wa Fizi na Baraka. Akaishi kambi ya Nyarugusu, kule mkoa wa Kigoma, Tanzania. Akaolewa huko, akazaa huko, na baada ya miaka mingi familia yake ikahamishiwa Marekani. Sasa anatutumia picha za vyakula. Picha haishibishi mtu, ila mpwa wangu hushiba kwa kuuliza.

"Mjomba, tango lilipataje utamu?"

"Twende sokoni," nikasema. "Tukalisikilize lenyewe."

Sokoni Misisi matango hupangwa kwa mafungu juu ya gunia. Asubuhi yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Saa nane mchana, jua likishapiga, yanaanza kulegea. Kesho yake yanauzwa bei ya chini. Keshokutwa anaitwa mbuzi.

Tukanunua fungu la matango madogo, magumu, yenye vipele. Nikachukua moja nikaliweka sikioni. Mpwa wangu akacheka, kisha naye akasogeza sikio lake, maana mtoto hucheka kwanza halafu huamini.

"Habari zenu," likasema tango. "Mimi ni maji yaliyovaa koti. Mkinigawa sehemu mia moja, kama tisini na tano ni maji. Ndugu zangu ni boga na tikiti. Babu zangu walitoka India, chini ya milima ya Himalaya, ambako watu walianza kutulima yapata miaka 3,000 iliyopita. Nimetembea dunia nzima. Lakini popote nilipofika, nilifika nikiwa mbegu. Huu mwili wangu hausafiri. Nipandisheni pikipiki pale Baraka. Tupande milima ya Fizi. Tushuke huku Misisi wakati wa mvua, tukute lori limelala katikati ya barabara ya taifa namba 5, magurudumu ndani ya tope. Siku ya kwanza nitavumilia. Siku ya pili nitalegea. Siku ya tatu msinifungue, nitawaaibisha."

"Maskini!" mpwa wangu akasema. "Kwa nini linaoza haraka hivyo?"

"Kwa sababu ya maji," nikajibu. "Kuna vijidudu vidogo sana, macho hayavioni. Viko hewani, viko mikononi, viko juu ya gunia. Vijidudu hivyo ni kama watu. Watu wakihama, wanajenga wapi?"

"Karibu na kisima."

"Basi tango ni kisima chenye ngozi. Ngozi ikipata jeraha dogo tu, vijidudu vinahamia. Vinakula, vinazaa, vinachafua mji."

"Kwa hiyo tutoe maji!"

Mnaona tulikofika, na bado hatujatoka sokoni.

Watoto wa Misisi wana bahati moja katika somo hili. Wanaliona kila siku pale mlimani Akyanga, kwenye migodi ya dhahabu. Nikamuuliza mpwa wangu, "Wachimbaji wakitaka kushuka shimoni, wanaanza na nini?"

"Wanawasha motopompe."

"Kufanya nini?"

"Kuvuta maji yatoke."

"Kwani wanatafuta maji?"

"Hapana. Wanatafuta dhahabu."

"Basi mbona wanaanza na maji?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee aliyechelewa kuamka. "Mjomba! Shimo likijaa maji huwezi kuingia."

Ndiyo hivyo. Maji yatoke kwanza. Nimemaliza nusu ya somo la zile sarafu, na aliyelifundisha ni mtoto.

Nikamuuliza tena, "Bibi yako kule Baraka anafanyaje na ndagala?"

"Anawaanika juani. Wengine anawatia chumvi."

"Kwa nini?"

"Maji yatoke kwanza!"

Akapiga makofi, mwenye duka la jirani akageuka kutazama.

Chumvi hiyo, watoto wangu, si kitu kidogo. Ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Kigoma, kuna mahali panaitwa Uvinza, karibu na mto Malagarasi. Pale maji ya chumvi hutoka ardhini yenyewe. Watu wamekuwa wakiyachemsha na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya Uvinza ilivuka ziwa kwa mitumbwi na kufika huku kwetu zamani sana, kabla ya boti ya kwanza yenye injini. Kwa hiyo mtu akikuambia kuhifadhi chakula ni ujuzi wa Ulaya, mpe ndagala mkavu atafune kwanza.

"Mjomba, lakini sarafu za mama mdogo si wazungu waliozitunga?"

Swali zuri. Jibu lake lina njia mbili.

Njia ya kwanza inatoka mashariki. Pwani kwa Waswahili, huko Zanzibar na Mombasa, wana kitu kinaitwa achari. Wanachukua embe bichi au ndimu, wanatia chumvi, pilipili na viungo, wanafunga kwenye chupa. Neno achari lilitoka Uajemi na India, likaja na majahazi. Si neno hilo peke yake. Wanunuzi wa dhahabu wa mashariki ya Kongo wanapima kwa nini?

"Kwa tola."

Tola nayo ni kipimo cha India, kama gramu 11.6. Kwa hiyo tango lilitoka India, tola ilitoka India, achari ilipitia India. Wamekutana hapa Misisi kama ndugu watatu waliopotezana njiani, na hakuna aliyemtambua mwenzake.

"Achari ndiyo kachumbari?"

Hapana. Ni binamu. Kachumbari inakatwa sasa na inaliwa sasa. Ikilala, imekwisha. Kachumbari ni mgeni wa mchana, achari ni mpangaji. Analipa kodi na anakaa.

Njia ya pili inatoka Marekani. Mnamo miaka ya 1920 katika jimbo la Illinois walikuwepo mume na mke wakulima, Omar na Cora Fanning. Walilima matango. Wakayakata vipande vya mviringo, wakayapika kwa siki, sukari na viungo. Mwaka 1923 wakaomba jina lao la biashara liandikwe serikalini. Unajua walichagua jina gani? Matango ya Mkate na Siagi!

"Kwani yana siagi ndani?"

Hata tone. Husimuliwa kwamba fedha zilipokuwa ngumu, walibadilishana matango yao dukani na vitu vya nyumbani, mkate na siagi vikiwemo. Wao waliuza uchachu wakala mkate. Mimi hadithi hiyo naipenda, maana hata mama zetu wa Baraka hubadilisha ndagala na muhogo, na hakuna anayewaandika serikalini.

Basi, twende jikoni. Hapa ndipo nataka mkae karibu.

Kwanza tukaosha matango. Yalikuwa kama kilo moja. Kisha nikamwonyesha mpwa wangu ncha mbili za tango. Ncha moja ilishikwa na kikonyo. Ncha ya pili ndiyo iliyobeba ua. Ukitazama vizuri utaona kovu dogo la mviringo. Kata ncha ya ua uitupe. Hiyo ndogo tu, unene wa ukucha.

"Kwa nini? Imekosa nini?"

Imebeba kitu kinachoyeyusha ugumu wa tango. Ukiiacha, achari yako itakuwa laini kama ulimi wa ng'ombe. Mimi niliiacha mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyekula. Hata mimi sikula, ila nilijifanya.

Tukakata sarafu. Si nene, si nyembamba, kiasi cha sarafu mbili zilizopangwa pamoja. Tukakata na vitunguu viwili vikubwa. Vyote tukaviweka kwenye beseni, tukanyunyiza chumvi vijiko viwili na nusu vya chakula, tukachanganya kwa mkono. Wenye barafu huweka barafu juu. Sisi tulifunika kwa kitambaa chenye maji, tukaweka beseni kivulini kwenye sakafu ya saruji.

"Sasa?"

Sasa tungoje. Saa tatu.

Mtoto kungoja saa tatu! Alikwenda kufunua kitambaa mara saba. Mara ya nne akapiga kelele. "Mjomba! Nani amemwaga maji humu?"

Hakuna aliyemwaga. Beseni lilikuwa kavu, na sasa sarafu zilikuwa zinaogelea.

"Yametoka wapi?"

"Uliza tango," nikasema.

Tango likasema, safari hii kwa sauti nyembamba, "Ndani yangu kuna vyumba vidogo maelfu na maelfu. Kila chumba kimejaa maji. Maji yalikuwa yamelala. Kisha chumvi ikaja kukaa nje ya kuta zangu. Ikawa kama ngoma ya arusi inayopigwa uani usiku. Mtu gani atabaki ndani? Maji yalitoka mmoja mmoja kwenda kuangalia ngoma. Na kuta zangu ni kama mkeka, zina matundu madogo. Maji hupita, vitu vikubwa hubaki."

Hiyo ndiyo kazi ya chumvi. Mahali penye chumvi nyingi huvuta maji kutoka mahali penye chumvi kidogo. Ukimeza maji ya chumvi kiu huongezeka kwa sababu hiyohiyo, mwili wako nao unaisikia ngoma. Wataalamu wana jina refu la jambo hili. Utalikuta shuleni, na siku hiyo utacheka, maana utakuwa unalijua tangu zamani.

Maji yatoke kwanza. Tukayamwaga. Tukasuuza sarafu kwa maji safi, tukazikamua polepole kwa viganja. Zilikuwa zimelegea, zinapindika bila kuvunjika, kama ngozi.

"Zimekufa?"

"Hazijafa. Nyumba ni tupu, zinangoja wapangaji wapya."

Mpangaji wa kwanza ni siki. Ukienda dukani Misisi uliza vinegre, watakuelewa upesi zaidi. Mpwa wangu alinusa chupa, akaruka nyuma, macho yakamtoka maji.

"Hii inatoka wapi, Mjomba? Inachimbwa?"

Haichimbwi. Unakumbuka malafu ya babu yako, yale ya mti wa ngazi? Asubuhi ni matamu. Jioni yanachemka yenyewe na yanalevya. Ukiyasahau siku kadhaa bila kifuniko yanakuwaje?

"Yanachacha."

Yanakuwa ndugu wa siki. Utamu hugeuka kilevi, kilevi hugeuka uchachu. Wanaofanya kazi hiyo ni vijidudu. Mfaransa mmoja, Louis Pasteur, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1860 kwamba mvinyo hugeuka siki kwa kazi ya vijidudu hai.

"Lakini ulisema vijidudu ni vibaya!"

Ah, huyu mtoto. Ndiyo, nilisema. Vijidudu ni kama watu, nilisema pia. Kuna wezi na kuna mafundi. Hawa ni mafundi, na kitu wanachotengeneza huwafukuza wezi. Vijidudu vinavyoozesha haviwezi kuishi ndani ya uchachu mkali. Ndiyo maana tunanunua siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5, wala hatuchukui malafu yaliyochacha, maana uchachu wake hatuujui kipimo. Na ndiyo maana hatuongezi maji kwenye siki, hata kama chupa inakwisha, hata kama jirani anasema haidhuru. Jirani atakuwa amelala wewe ukiumwa tumbo.

Mpangaji wa pili ni sukari. Zamani sukari ya upande wetu ilitoka Kiliba, karibu na Uvira, katika bonde la Ruzizi lenye miwa. Kiwanda kilisimama katika vita vya 1996. Siku hizi mfuko ukifika Misisi huwa umetoka mbali, umelipa kila mtu njiani. Kwa hiyo nilipopima kikombe kimoja na nusu, mama yake mtoto alinitazama. Nikajifanya sikumwona.

Kikombe kimoja na nusu cha sukari, kikombe kimoja na nusu cha siki. Kijiko kimoja cha chai cha manjano, ule unga wa njano unaong'ang'ania vidole. Vijiko viwili vya chai vya mbegu za haradali kama unazo. Sisi hatukuwa nazo, tukaweka punje chache za pilipili manga. Vyote ndani ya sufuria, juu ya mbabula.

Sufuria gani? Hapa sikilizeni. Isiwe ya aluminiamu, ile nyepesi inayotengenezwa na mafundi. Siki hula aluminiamu. Niliwahi kuitumia, nikapata achari yenye ladha ya msumari. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ile ya rangi iliyopakwa kioo isiyo na ufa.

Siki ilipochemka na sukari ikayeyuka, nyumba nzima ilikohoa. Tukatia sarafu na vitunguu. Mpwa wangu, akiwa amesimama mbali na moto kama nilivyomwamuru, akaona rangi inabadilika.

"Kijani kinaondoka! Kinakuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi."

Jicho zuri hilo. Ndani ya kijani cha mmea kuna chembe ndogo ya madini inayoitwa magnesiamu. Moto na uchachu vikikutana nayo, vinaisukuma nje, na kijani kinafifia. Sombe ya mama yako hufanya vivyo hivyo ikikaa sana jikoni. Rangi imekwenda, chakula kipo.

Mara sufuria ilipoanza kutokota tena, tukaitoa. Usipike zaidi. Hatupiki mchuzi.

Chupa tatu za konfitiri zilikuwa zimeoshwa na kuchemshwa, na vifuniko vyake vizima visivyo na kutu. Kazi ya kumimina nilifanya mimi. Watoto, siki ya moto si mchezo, mwachieni mtu mzima. Tukajaza, tukaacha nafasi ya unene wa kidole kidogo juu, tukafunga. Kisha tukazizamisha chupa zote kwenye chungu kikubwa cha maji yanayochemka, chini tumetandika kitambaa zisigongane.

"Kwa dakika ngapi?"

Kumi na tano.

"Kwa nini si kumi?"

Wanaoishi kando ya bahari wanaweza kusema kumi. Sisi tuko juu. Hata Ziwa Tanganyika, unaloliona liko chini kabisa, liko mita 773 juu ya bahari. Na kadiri unavyopanda, maji huchemka kabla hayajawa na moto wa kutosha. Pwani huchemka kwa digrii 100. Kwetu huchemka kwa kama digrii 97. Yanaruka, yanapiga kelele, lakini moto wake umepungua. Maji ya milimani yanajisifu. Kwa hiyo tunayaongezea muda.

Tulipozitoa na kuziacha zipoe, kila kifuniko kilisema *tik*, kitovu chake kikazama ndani. Mpwa wangu alihesabu tiki tatu. Kifuniko kikizama, hewa imetoka na mlango umefungwa. Kisipozama, chupa hiyo inaliwa upesi, haiwekwi.

Kisha tukangoja tena. Sitaki kuwasimulia siku zile. Ziliandikwa zote ukutani kwa makaa, mistari saba, na mtoto akawa anasema "leo" kila asubuhi. Wiki tatu au nne zingekuwa bora zaidi, ladha huingia polepole. Lakini nami nina moyo.

Siku ya nane tulikuwa na mikebuka wa kukaanga aliyefika kutoka ziwani, na bugali wa muhogo. Mikebuka ana mafuta. Ukila matonge matatu, mdomo unakuwa kama uwanja baada ya sherehe, kila kitu kimebaki sakafuni. Tukafungua chupa ya kwanza. Sarafu zilikuwa za dhahabu na kijani, zimelala kwenye maji ya njano.

Mpwa wangu akaweka moja ulimini. Akafunga jicho moja. Akafungua. Akatafuna. *Kacha!*

"Ni tamu! Hapana, ni chachu. Hapana, subiri, ni tamu tena."

Uchachu hufagia mafuta, sukari hutuliza uchachu, chumvi huwasikilizanisha. Ndiyo maana kitu hiki huwekwa pembeni ya sahani, kidogo, vipande vitatu au vinne. Ni ufagio wa mdomo, nao ufagio hauliwi kama chakula. Anayekula nusu chupa amekula sukari ya wiki nzima, na nitajua, kwa sababu nahesabu.

Tukajaribu na vyakula vingine. Na nyama choma, vizuri sana. Na maharage, vizuri. Na sombe yenye mawese, mpwa wangu alikunja uso, nami nikakubaliana naye. Sombe haihitaji mtu. Na wale wanaopenda pilipili, kateni moja ndefu mtie chupani kabla ya kufunga. Kwa maoni yangu inapendeza kuliko ile ya Marekani, ingawa ile ya Marekani nimeiona kwenye picha tu.

"Mjomba, na lile tango lililosema halisafiri?"

Nilikuwa nangoja swali hilo tangu sokoni.

Chupa ya pili tuliifunga kwa nguo ya zamani, tukamkabidhi kijana wa pikipiki anayekwenda Baraka kwa bibi. Mvua ilikuwa imenyesha. Lori lilikuwa limelala barabarani, kama kawaida yake. Kijana alilala Fizi, akalala tena njiani. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa bibi, anapiga kelele kama vile hakuna simu, anapiga kelele kutoka Baraka moja kwa moja.

"Limefika!" akasema. "Na bado linalia kacha!"

Mpwa wangu alitaka kuongea naye. Wakaongea muda mrefu, salio likaisha, na katikati ya sentensi ya bibi simu ikakata. Lakini jambo kubwa lilikuwa limeshasemwa. Chupa itarudi Jumamosi kwa pikipiki ileile, nayo haitarudi tupu. Bibi anaijaza ndagala.